Zebaki katika samaki: Shelisheli yatoa jibu la faraja lenye masharti

Katika Visiwa vya Shelisheli, umbali wa kilomita zipatazo 1,500 mashariki ya pwani ya Afrika, samaki si kitoweo cha siku maalumu bali ni chakula cha kila siku. Watafiti walioanza kuwafuatilia wajawazito wa visiwa hivyo katika miaka ya 1980 walibaini kwamba mama wa kawaida alikula samaki mara 12 hivi kwa juma. Kwa sababu hiyo taifa hilo dogo lilichaguliwa kuwa mahali pa kutafutia jibu la swali lililowasumbua madaktari kwa miongo mingi: je, zebaki iliyomo katika samaki wa kawaida wa bahari kuu, asiyeishi karibu na bomba la kiwanda chochote, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni?

Jibu lililopatikana baada ya watoto hao kufuatiliwa hadi utu uzima ni la kutuliza moyo. Lakini lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayosahaulika kila mara habari za zebaki zinapozuka. Hutokea wanaowatisha wajawazito wasiguse samaki kabisa. Hutokea pia wanaodai kwamba bahari ni pana mno kuchafuka. Pande zote mbili zinakosea, na gharama ya kosa hilo hubebwa na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Ghuba iliyoishtua dunia

Chimbuko la hofu hii ni mji wa Minamata, kusini-magharibi mwa Japani. Mwaka 1932 kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza kutengeneza asetaldehaidi, kemikali inayotumika katika utengenezaji wa bidhaa nyingi za viwandani, na zebaki ilitumika kuharakisha mchakato huo. Majitaka yake yalimwagwa katika ghuba iliyokuwa tegemeo la wavuvi. Paka wa vijiji vya wavuvi, waliolishwa mabaki ya samaki, ndio waliotangulia kuonyesha dalili: walipepesuka, wakazunguka kama wanaocheza ngoma, na wengine wakatumbukia baharini.

Tarehe 1 Mei 1956 Dakta Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali ya kampuni hiyo hiyo, aliarifu ofisi ya afya ya mji kuhusu ugonjwa usiojulikana uliokuwa ukishambulia ubongo. Wagonjwa walikufa ganzi mikono na miguu, upeo wao wa kuona ukafinyika, matamshi yakavurugika, na mwendo wao ukakosa mizani. Wengi walifariki. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba wanashuku zebaki, na mwaka huo huo Dakta Hosokawa alimlisha paka majitaka ya kiwanda, naye paka akaugua vilevile. Matokeo ya jaribio hilo hayakutangazwa. Serikali ya Japani ilikiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwezi Septemba 1968, miezi michache baada ya kiwanda kuacha kutumia mbinu hiyo ya uzalishaji. Kati ya tangazo la chuo kikuu na kauli ya serikali ilipita miaka tisa, na katika muda huo wote samaki waliendelea kuliwa.

Jambo lililowashangaza zaidi madaktari ni watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili hafifu tu. Wakati huo iliaminika kwamba kondo la nyuma ni ngome inayomkinga mtoto dhidi ya sumu iliyomo katika damu ya mama. Dakta Harada Masazumi, pia wa Kumamoto, alikuwa miongoni mwa waliothibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba ngome hiyo haizuii zebaki. Uthibitisho mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. Ni desturi ya familia nyingi za Kijapani kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukihifadhi ndani ya kisanduku kama kumbukumbu ya uzazi. Wanasayansi walivipima vitovu hivyo miaka mingi baadaye, wakakuta ndani yake zebaki iliyopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Leo inafahamika kwamba kiwango cha zebaki katika damu ya kitovu huwa, kwa wastani, takriban mara 1.7 ya kile kilichomo katika damu ya mama mwenyewe.

Kutoka kwenye moshi hadi kwenye mnofu

Minamata ilikuwa na bomba lililoonekana kwa macho. Katika bahari kuu halipo. Zebaki inayofika huko husafiri hewani: hutoka katika makaa ya mawe yanayochomwa kuzalisha umeme, katika tanuri za saruji na za kuyeyushia metali, katika volkano, na zaidi ya kote katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba shughuli za binadamu hutoa hewani zaidi ya tani 2,000 za zebaki kwa mwaka, na kwamba takriban asilimia 38 ya kiasi hicho hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mvuke huo unaweza kuzunguka angani kwa miezi mingi kabla ya kurejea chini pamoja na mvua. Hivyo zebaki iliyotoka bara moja huweza kuangukia bahari ya bara jingine.

Ikisha kuingia majini, zebaki hii bado si ile inayotisha. Bakteria wanaoishi katika matope na katika maji yenye oksijeni haba ndio wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili, na hapo hupata uwezo wa kuingia katika viumbe hai na kung'ang'ania humo. Vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho huifyonza. Vijidudu vya majini hula vijimea. Dagaa na simu hula vijidudu. Vibua na kolekole hula dagaa. Jodari hula vibua. Na papa na nduaro hula wote hao. Katika kila ngazi mlaji hurithi zebaki ya maelfu ya aliowala, naye huitoa mwilini polepole mno. Ndiyo maana kiwango ndani ya mnofu wa samaki mkubwa anayewinda wenzake huweza kuzidi kile cha maji anamoogelea kwa mara milioni moja au zaidi. Umri nao una uzito wake: papa aliyeishi miaka 20 amekusanya kwa miaka 20.

Hakuna ujanja wa jikoni unaoweza kuiondoa. Zebaki ya methili haikai katika mafuta ya samaki wala katika ngozi yake. Imefungamana na protini ya mnofu wenyewe. Kuchemsha, kukaanga, kuweka ndimu au kumwaga supu hakusaidii. Kukausha huongeza uzito wa tatizo, kwa kuwa maji huondoka na zebaki hubaki: kilo moja ya papa mkavu, yule ng'onda anayependwa katika pwani ya Tanzania na Kenya, ina zebaki nyingi kuliko kilo moja ya papa yule yule akiwa mbichi. Hata hivyo, kwa kawaida kipande cha ng'onda kinachoingia chunguni ni kidogo, na hilo hupunguza makali ya hesabu.

Kumbukumbu iliyomo katika unywele

Katika utafiti wa Shelisheli, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Rochester cha Marekani pamoja na wizara ya afya ya nchi hiyo, kipimo kikuu kilikuwa unywele wa mama. Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na zebaki iliyomo katika damu wakati unapoota hubaki humo. Kwa hiyo unywele uliokatwa siku ya kujifungua huweza kusomwa kama shajara: sentimita za karibu na ngozi hueleza miezi ya mwisho ya ujauzito, na zile za mbali hueleza miezi ya mwanzo.

Kundi kuu la utafiti lilikuwa na jozi 779 za mama na mtoto waliozaliwa mwaka 1989 na 1990. Wastani wa zebaki katika nywele za mama hao ulikuwa karibu sehemu 7 kwa milioni, mara kadhaa zaidi ya ule wa wanawake wa Marekani. Watoto walipimwa walipokuwa wachanga, kisha wakiwa na umri wa miaka mitano na nusu, kisha tisa, na hatimaye walipofika miaka 22 na 24. Walipimwa lugha, kumbukumbu, umakini, wepesi wa vidole na tabia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 kuhusu watoto 711 wa umri wa miaka mitano na nusu hayakuonyesha madhara yaliyoweza kuhusishwa na zebaki ya samaki waliyoila mama zao. Katika baadhi ya majaribio watoto wa mama wenye zebaki nyingi zaidi walifanya vizuri kidogo kuliko wenzao. Watafiti hawakusema kwamba zebaki inafaa. Walieleza kuwa mama mwenye zebaki nyingi ndiye aliyekula samaki wengi zaidi, naye alipata pia mafuta ya omega-3, madini ya iodini na seleniamu, na protini bora, vitu ambavyo ubongo wa mtoto huvihitaji unapojengeka. Uchunguzi wa kundi jingine lenye zaidi ya mama 1,500 ulifuata baadaye ili kupima kwa makini mvutano huo kati ya lishe na sumu ndani ya samaki yule yule.

Visiwa vingine, jibu jingine

Laiti utafiti ungekuwa huo mmoja, mjadala ungekwisha. Lakini wakati huo huo, katika Visiwa vya Faroe vilivyo kaskazini mwa bahari ya Atlantiki chini ya himaya ya Denmark, timu iliyoongozwa na Philippe Grandjean na Pál Weihe ilikuwa ikiwafuatilia watoto wapatao 1,000 waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Walipofikisha miaka saba, wale waliokuwa wamepata zebaki nyingi zaidi tumboni walionyesha udhaifu mdogo lakini wa wazi katika umakini, lugha na kumbukumbu. Hakuna aliyekuwa mgonjwa kama watoto wa Minamata. Mzazi au mwalimu asingeweza kumtambua mtoto mmoja mmoja darasani. Ni takwimu za kundi zima zilizolidhihirisha jambo hilo.

Kwa nini visiwa viwili vipate majibu mawili? Sehemu kubwa ya maelezo imo katika sahani. Watu wa Faroe walipata zebaki yao hasa kwa kula nyama ya nyangumi wadogo, ambao si samaki kabisa bali ni wanyama wawindaji wenye maisha marefu. Nyama hiyo ilikuwa na zebaki mara kadhaa kuliko samaki wa kawaida, na mafuta yake yalikuwa na kemikali nyingine za viwandani. Tena haikuliwa kidogo kidogo kila siku. Ililiwa kwa wingi baada ya msako, kisha ikapungua. Nyangumi pia hakuleta baraka zote za lishe anazozileta samaki. Mshelisheli alikula zebaki yake kwa vipande vidogo vya kila siku, kutoka kwa samaki wa aina nyingi, wengi wao wakiwa na kiwango cha chini.

Hatima ya Faroe inastahili kukumbukwa. Mwaka 2008 maofisa wakuu wa tiba wa visiwa hivyo walipendekeza kwamba nyama ya nyangumi isiliwe tena na binadamu. Watu walioitegemea nyama hiyo kwa karne nyingi waliambiwa waiache kwa sababu ya uchafu ambao kwa sehemu kubwa kabisa haukutoka kwao.

Hesabu ya sahani moja

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, na Shirika la Afya Duniani, WHO, iliweka mwaka 2003 ukomo wa mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa juma, kwa kuzingatia usalama wa kijusi. Kwa mwanamke wa kilo 60, ukomo huo ni mikrogramu 96 kwa juma.

Vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani vinaonyesha wastani wa karibu miligramu 1 ya zebaki katika kila kilo ya papa, na kiasi kama hicho kwa chuchunge wa bahari kuu, samaki mwenye pua iliyochongoka kama upanga. Samaki jamii ya dagaa wa baharini wana wastani wa miligramu 0.013. Kwa viwango hivyo, mwanamke huyo hufikia ukomo wake wa juma zima kwa kula kipande cha papa kisichozidi gramu 100, yaani mlo mmoja, na usioshibisha. Ili afikie ukomo huo huo kwa dagaa angelazimika kula zaidi ya kilo saba. Samaki wa Bahari ya Hindi wanaweza kutofautiana na hao, lakini mpangilio wa ngazi haubadiliki: mdogo anayekula vijidudu huwa chini, mkubwa anayekula samaki wenzake huwa juu.

Hapa ipo tofauti ambayo walaji wengi hawaelezwi. Viwango vya biashara si viwango vya mjamzito. Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, iliamua mwaka 2018 kwamba papa anaweza kuuzwa akiwa na hadi miligramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kilo, na jodari hadi 1.2. Papa aliyepita ukaguzi bandarini akiwa katika ukingo wa kiwango hicho humaliza posho ya juma ya mwanamke wa kilo 60 kwa gramu 60 tu. Muhuri wa mkaguzi unasema samaki anafaa kuuzwa. Hausemi anamfaa nani.

Hata hivyo jopo la wataalamu wa FAO na WHO lililokutana mwaka 2010 lilitahadharisha kwamba mama anayeacha samaki kwa kuiogopa zebaki huweza kumnyima mtoto wake kinga kubwa kuliko hatari anayoikimbia. Katika kaya ambako dagaa ndiyo protini pekee inayopatikana kwa bei nafuu, onyo lisilotaja aina ya samaki linadhuru.

Dhahabu na ziwa

Kwa Afrika Mashariki, zebaki haiko mbali. Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Mara nchini Tanzania, na Migori nchini Kenya, mawe husagwa katika makarasha, kisha zebaki huchanganywa na mchanga uliooshwa ili inase chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa, mara nyingi kwenye moto wa wazi, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Mchimbaji na jirani zake huvuta mvuke huo, na madhara yake ya kwanza huonekana kwa kutetemeka, kukosa usingizi na kuharibika kwa figo. Hii ni zebaki ya metali. Haipiti katika samaki, na hatari yake ni ya leo, si ya baada ya ngazi nyingi za walaji.

Sehemu inayobaki katika mchanga wa marudio ndiyo inayoelekea mitoni na hatimaye katika Ziwa Victoria. Tafiti zilizofanywa ziwani humo katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliwakuta sato na sangara wengi wakiwa chini ya viwango vya hatari, ingawa sangara wakubwa walikuwa na zebaki zaidi, kama kanuni ya ngazi inavyotabiri.

Miongoni mwa waliofika huko ni yule yule Dakta Harada wa Minamata. Yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza, na mwaka 1999 walichapisha matokeo. Wachache, wakiwemo watu wasiowahi kukanyaga mgodini, walikuwa na zebaki zaidi ya sehemu 50 kwa milioni, karibu na kiwango kinachohusishwa na ugonjwa wa Minamata. Lakini ilipochambuliwa, kiasi kidogo tu kilikuwa zebaki ya methili inayotoka kwa samaki. Watafiti waliihusisha zebaki hiyo na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Samaki alikuwa ametuhumiwa bure, na mshtakiwa wa kweli alikuwa bafuni.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unagusa vyanzo vyote hivyo. Unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu kuandaa mpango wa kitaifa wa kupunguza zebaki, kukomesha uchomaji wa wazi wa madonge na kuzuia kutumia sianidi katika marudio ambayo bado yana zebaki. Umezuia pia vipodozi vyenye zebaki. Uganda iliuridhia mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2020. Mapato ya mchimbaji mdogo ndiyo kizingiti kikubwa: zebaki ni rahisi, ni ya haraka, na dhahabu huonekana jioni ile ile.

Kwa mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya samaki, zebaki haina rangi, harufu wala ladha ya kumwonya. Anachoweza kukitambua ni aina na ukubwa wa samaki. Dagaa, simu, vibua, tasi, changu wadogo, sato, ngisi na kamba wako katika ngazi za chini au za kati, na mjamzito anaweza kuwala mara kadhaa kwa juma. Papa, nduaro, chuchunge na jodari wakubwa wako kileleni, na ushauri wa kiafya katika nchi nyingi ni kwamba mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wawaepuke au wawale kwa nadra. Anayepanga kushika mimba hufaidika akianza mapema, kwani nusu ya zebaki iliyomo mwilini huchukua takriban siku 50 hadi 70 kuondoka, na nusu ya ile iliyobaki huchukua muda kama huo tena.